Majina Yarejeshewe Maana Yake

Confucius, mwanafalsafa wa China aliyezaliwa mwaka 551 kabla ya Nabii Isa, aliulizwa na mwanafunzi wake ni jambo gani angelitanguliza kama angekabidhiwa serikali. Akajibu kwamba angeanza kwa kusahihisha majina. Mwanafunzi akaona mzee anakwenda mbali na swali. Ndipo akaelezwa: jina lisipolingana na kitu chenyewe, maneno huenda kombo, maneno yakienda kombo kazi haitimii, adhabu haziwi za haki, na wananchi hawajui pa kuweka mkono wala mguu.

Wameru hawana haja ya kufasiriwa maneno hayo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wa Kizungu wapewe ardhi ile, ikaliita jambo hilo ugawaji mpya wa ardhi. Mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akalitaja kwa jina lake halisi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo lilikuwa kazi ya kusahihisha majina. Lilisema wazi kiongozi ni nani: awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Jina likapata mipaka. Mwezi Februari 1991, huko Zanzibar, Chama kikayalegeza masharti hayo. Sababu zilitolewa, na baadhi zilikuwa na uzito, maana mshahara wa wakati ule haukumfikisha mtu mwisho wa mwezi. Lakini tuliondoa masharti tukalibakiza jina, na hapo ndipo tulipokosea. Tangu siku hiyo mwenye hisa na asiye na hisa wote ni viongozi, na "Ndugu" amekuwa "Mheshimiwa" bila mtu kueleza heshima hiyo imetokana na nini.

Wako watakaouliza tuna shida gani na hekima ya Wachina. Chuoni tulifundishwa kuitafuta elimu hata China. Baadaye tulielezwa na wanazuoni kwamba isnadi ya maneno hayo ni dhaifu. Hata hivyo safari ile haikutudhuru. Tena China yenyewe iliwahi kumkana mzee huyu. Mwaka 1974, mafundi wao wakitujengea Reli ya Uhuru yenye kilomita 1,860, kwao kulikuwa na kampeni kali ya kumlaani. Leo taasisi zenye jina lake zimo katika Vyuo Vikuu vya Dodoma na Dar es Salaam, tangu mwaka 2013.

Hatusemi tumfuate kwa kila jambo. Utii aliousifu, wa mdogo kwa mkubwa na wa raia kwa mtawala, tunao wa kutosha; wengine wangesema umezidi.

Kule Kibaha iko Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa mwaka 2022 kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China, ambako makada wa vyama sita vya ukombozi husoma pamoja. Tunapendekeza somo la siku ya kwanza liwe hili: kila mwanafunzi aandike masharti ya Azimio upande mmoja wa karatasi, na upande wa pili aandike mali zake, kisha asome zote mbili kwa sauti mbele ya wenzake.