Sadaka ya Krismasi isiishie mlangoni mwa kanisa

KRISMASI ya Kola, Machakos, ina kinaya chake. Wana wa nyumbani hurejea kutoka mijini, makanisa hufurika, nyimbo huhanikiza na wasiojiweza hugawiwa unga, mafuta na sukari. Hata hivyo, sikukuu hii huwakuta Wakamba mahindi yao yangali shambani. Tegemeo lao kuu ni mvua ya Oktoba hadi Desemba, na kabla ya kuvuna kuna Januari na karo yake.

Kanisa la Presbiteri halikosi kumbukumbu ya hali hiyo. Misheni ya Kiskoti iliyolizaa ilianzia Kibwezi, Ukambani huko huko, mwaka wa 1891, ikahamia Kikuyu mwaka wa 1898. Njaa kali ilipozuka wakati huo, mmishenari Thomas Watson alilazimika kuwalisha wenyeji kwa miezi, si kwa siku moja.

Lakini hata mgao wa miezi hauleti maji. Kola yenyewe ina jibu. Mwaka wa 1978, Joshua Mukusya na majirani zake waliunda kikundi cha Utooni, wakajenga mabwawa ya mchanga kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja. Ukuta hukinga mchanga mtoni, nao mchanga huhifadhi maji hadi kiangazi.

Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, thamani ya hazina kama hiyo ilidhihirika. Kikapu cha Krismasi hakidharauliki. Ila ushirika unaokusanya unga Desemba unaweza pia kubeba mawe Agosti, mito ikiwa mikavu.