Hazina ibebe mzigo wa kuchoronga mvuke

SONGEA iliachana na jenereta za dizeli mwaka 2018, ilipoungwa na gridi ya Taifa kutoka Makambako. Wenye mashine za kusaga Peramiho sasa wanategemea gridi hiyo, nayo hutegemea mno mito. Hata Tulila ya masista wa Chipole, megawati 5, ni maji ya Ruvuma.

Mvuke wa ardhini haungoji masika, na Ngozi, mkoani Mbeya, unao. Lakini kampuni ya Serikali ya jotoardhi, iliyoundwa 2013, bado haijauza umeme. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola na chaweza kutoka kitupu. Benki gani itakopesha? Nchini Kenya Serikali ilibeba mzigo huo Olkaria, kwa mikopo na misaada, umeme ukaanza 1981. Hazina ifanye hivyo Ngozi. Wawekezaji waitwe mvuke ukishapatikana.