Mtambo wa Kuazima Wakati wa Msiba

Wazee walisema ya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Neno hilo ni kweli katika mambo mengi, lakini leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za kitu cha kuazima ambacho kimesitiri miji mizima. Habari zenyewe zatoka Japani, nchi ya matetemeko.

Tarehe 1 Septemba, 1923, tetemeko kubwa la nchi liliibomoa miji ya Tokyo na Yokohama, na moto ukateketeza mengi yaliyosalia. Watu zaidi ya 100,000 walikufa. Wakati huo utangazaji wa redio ulikuwa haujaanza katika Japani. Ulianza mwaka 1925. Basi habari zilikwenda kwa mdomo, na uvumi ukaenea ya kwamba Wakorea wanatia sumu visimani. Haukuwa na ukweli hata kidogo, lakini Wakorea wengi wasio na hatia waliuawa kwa ajili yake. Hapo twajifunza ya kwamba njaa ya habari ni kama njaa ya chakula: mwenye nayo hula chochote apewacho.

Tarehe 17 Januari, 1995, msiba uliufikia mji wa Kobe, na watu zaidi ya 6,400 walikufa. Stesheni kubwa zilieleza ukubwa wa msiba kwa nchi nzima. Lakini mama aliyelala na watoto katika ukumbi wa shule ataka kujua mambo mengine: maji yagawiwa wapi, hospitali gani ina waganga, njia gani yapitika. Kwa sababu hiyo, Februari mwaka ule, serikali ilitoa ruhusa kwa stesheni ya kwanza ya muda, ya wakati wa msiba tu, katika mkoa wa Hyogo. Kadhalika, katika mtaa wa Nagata, watu wa kujitolea walitangaza kwa Kikorea na Kivietnamu, ili wageni nao wasiachwe gizani.

Utaratibu wake ni huu. Idara ya serikali inayosimamia mawasiliano huweka katika ofisi zake za majimbo mitambo midogo ya kutangazia, pamoja na vipaza sauti na eria zake, tayari kuchukuliwa kwa gari. Mji ukipatwa na msiba, huazima. Na kwa kuwa haifai kungojea karatasi watu wakiangamia, leseni yaweza kuombwa kwa simu. Mwenye leseni ni mji wenyewe. Nguvu ya mtambo si nyingi, lakini yawafikia wenyeji, na msikilizaji hahitaji ila redio ndogo ya betri, hata umeme ukikatika na simu zikinyamaza.

Baada ya tetemeko na mawimbi ya tarehe 11 Machi, 2011, stesheni za namna hii zipatazo 30 zilifunguliwa. Ile ya Minamisoma, mji ulio karibu na mtambo wa nyuklia ulioharibika, iliendelea mpaka Machi 2018, maana shida za watu hazikwisha upesi. Tena, mji wa Wajima nao ulibomolewa na kuungua siku ya Mwaka Mpya wa 2024.

Lakini mtambo peke yake si kitu. Nani atasema? Watumishi wa mji wamechoka, na wengine wamefiwa. Nani atahakikisha habari kabla hazijatangazwa? Mtu aliyeazima jembe siku ya mvua, naye hajapata kulishika, hatapanda mengi. Yafaa watu wachaguliwe na kufundishwa siku za amani, na kila mtaa ujue masafa ya kutafuta katika redio zao.

Nawe msomaji, usiwaachie wakuu kazi yote. Weka nyumbani redio ndogo na betri nzima. Na siku ya msiba, kabla ya kumpasha jirani neno ulilolisikia njiani, muulize kwanza aliyekuambia: wewe umelipata wapi?