Fedha ya Dawa Irudi Kwenye Dawa

Mgonjwa arudiye nyumbani na karatasi ya dawa bila dawa hajatibiwa. Hapa Eldoret, ushirika wa AMPATH, unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulibuni njia. Tangu 2011 umeanzisha katika vituo vya afya vya serikali, magharibi mwa Kenya, maduka ya dawa yenye mfuko wa mzunguko. Dawa ya serikali ikiisha, mgonjwa huinunua humo kwa bei nafuu. Shilingi aliyolipa hununua dawa ya mgonjwa ajaye.

Hekima hiyo si ya udaktari tu. Ni ya utawala.

Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025 tulikumbushwa kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini mfuko wetu upo. Tangu Oktoba 2024 mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Je, fedha hiyo hurudi kwenye dawa?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya afya; cha 201 kinaamuru uwazi katika fedha za umma. Basi twadai kila mwezi ibandikwe ukutani hesabu ya kila hospitali: imedai kiasi gani, imelipwa kiasi gani, imenunua dawa gani.

Makanisa yetu husoma hesabu ya sadaka mbele ya waumini. Serikali ina siri gani?