Megawati Zimefika, Umeme Unamwagika Nyakato

Haya jamani, leo naomba mnivumilie. Nimetoka Nyakato na vumbi la mahindi kichwani na hasira moyoni, na ninaandika kabla hazijapoa.

Nilikwenda kwenye mashine moja ya kusaga na kukoboa. Sitaitaja, maana mwenyewe alinikaribisha vizuri na soda akaninunulia. Nilikuwa nafuatilia habari ya kawaida tu, bei ya unga. Mzee akafungua droo, akatoa bili ya umeme, akaniuliza: "Wewe mwandishi umesoma. Hii kVA ni mdudu gani?" Nikaiangalia bili, bili nayo ikaniangalia. Sikujua! Aliyejua ni fundi wake, mtu mzima wa Kisukuma aliyekuwa pembeni anasuka upya mota iliyoungua. "Ng'wanawane," akaniambia, "hapo tunalipia umeme ambao haujasaga hata debe moja."

Nitaeleza kama alivyonieleza. Mota inapozunguka huvuta umeme wa aina mbili. Upo unaofanya kazi, na upo unaokwenda na kurudi tu kwenye nyaya ili kutengeneza sumaku ndani ya mota. Ni kama mtumbwi wa kwenda Ukerewe: abiria ni ule umeme unaofanya kazi, ule mwingine ni magunia matupu yaliyojaza nafasi, na nauli unatozwa kwa nafasi. Kwa bei za mwaka 2016, mteja wa daraja la T2 analipa shilingi 195 kwa kila uniti, halafu juu yake shilingi 15,004 kila mwezi kwa kila kVA ya kiwango cha juu alichovuta. Sasa chukua karakana inayohitaji kilowati 100. Kama mota zake ni chakavu na pawa fakta yake ni 0.7, inaandikiwa kVA 143. Ikifunga boksi la kapasita na kupandisha hadi 0.95, inaandikiwa kVA 105. Tofauti ni zaidi ya shilingi laki tano na nusu kila mwezi. Kila mwezi! Na kapasita si roketi, ni teknolojia ya babu zetu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Maana mimi pia, kama waandishi wenzangu wote, nimekuwa nikishangilia megawati. Tuna sababu zetu, tumelelewa na giza. Mgao wa 2006, Richmond, waziri mkuu kujiuzulu Februari 2008, mgao tena 2011. Hapa hapa Nyakato tukajengewa mtambo wa mafuta mazito wa megawati 60, mafuta yanasafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar ili Mwanza iwake. Kisha likaja Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, mitambo tisa. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na Aprili mwaka huo huo tukaambiwa vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Umezidi! Tuliokulia kwenye koroboi tulisoma habari ile mara mbili mbili.

Sawa, megawati zimefika. Zinakwenda wapi zikishapita getini kwa mwenye kiwanda? Hapo hakuna anayepeleka kamera. Utepe unakatwa kwenye bwawa, haukatwi kwenye mota.

Angalia tunavyonunua mota. Tunauliza bei, tunauliza kama ni mtumba wa Ulaya au mpya ya China, tunaondoka. Mota ya kilowati 15 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa 16 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, inakula uniti 72,000. Zidisha kwa 195: ni zaidi ya shilingi milioni 14 kwa mwaka mmoja. Bei uliyombishia muuzaji ni senti tu mbele ya hiyo. Na kila ikiungua ikasukwa upya kwa haraka, inarudi inakula zaidi kidogo. Fundi wangu alikiri hilo mwenyewe, mikono ikiwa bado kwenye waya.

Au chukua pampu na feni, ambazo viwanda vya samaki na barafu vinazo tele. Kiwanda kinapohitaji maji kidogo, wengi wetu tunaacha pampu iende kasi ile ile halafu tunabana valvu. Ni dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Kuna kifaa kinachopunguza mwendo wa mota kulingana na kazi iliyopo, mafundi hukiita draivu. Feni ikishuka hadi asilimia 80 ya mwendo wake, inahitaji karibu nusu tu ya umeme. Hiyo ndiyo teknolojia ya kisasa ninayoitaka mimi. Wakubwa wakikaa kwenye kumbi zenye viyoyozi kuzungumzia mapinduzi ya nne ya viwanda na maroboti, mnisamehe, mimi nawaza valvu iliyobanwa Nyakato.

Najua jibu la wenye viwanda: umeme wenyewe unakatika, unapanda na kushuka, hicho kidude kitaungua wiki ya kwanza. Hofu hiyo ina haki, na TANESCO wasijifiche nyuma ya bwawa, laini za Nyakato nazo zitazamwe. Lakini isiwe kisingizio. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga soko la samaki wa Ziwa Victoria, viwanda vya minofu ya sangara vilifanyaje? Vilisafisha, vikajenga maabara, vikaandika kila joto la kila chumba. Soko lilipofunguliwa tena 2000 walikuwa watu wengine! Walibadilika kwa sababu kuna mkaguzi aliyeweza kuwafungia mlango. Kenya walitunga kanuni mwaka 2012 kwamba anayetumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka afanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Mkaguzi wa aina hiyo nataka nimwone akiteremka Nyakato, na aogopwe kama yule wa samaki.

Na kabla hatujafunga hivyo vidude, jambo moja. Mitambo hii mipya inaongea na simu, inaongea na intaneti. Nani ana nywila? Mara nyingi ni muuzaji, au ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, 1234. Mei 2021 mfumo wa LUKU uligoma kwa siku kadhaa, nchi nzima ikapanga foleni, Waziri Medard Kalemani akaagiza maofisa wa TEHAMA wasimamishwe. Novemba 2024 mita za malipo ya kabla za aina ya LUKU, hapa na nchi nyingine nyingi, zilibidi ziwe zimeshaingizwa tarakimu mpya, kwa sababu hesabu iliyomo kwenye tokeni zake, ya dakika tangu Januari 1993, ilikuwa inafika mwisho. Lile la pili lilijulikana mapema, watu wakatangaziwa, tukaingiza namba. Tofauti ni kujua kilichomo ndani ya mtambo wako. Anayeuza draivu Nyakato akabidhi nywila na maelezo kwa maandishi, na fundi wa pale pale afundishwe. La sivyo tutakuwa tumenunua mlango na ufunguo tumemwachia fundi seremala.

Jumatatu narudi kwa mzee. Anasema ana bili za miaka mitatu kwenye ile droo, na fundi ameahidi kuulizia bei ya boksi la kapasita. Nitabeba kikokotoo, soda safari hii nanunua mimi.