KAMERA ILINDE MLANGO, ISIMWINDE MFANYA KAZI

Sisi wa Kikambala hatuhitaji kufundishwa maana ya ulinzi. Tarehe 28 Novemba 2002 gari lenye bomu liliingia katika hoteli ya Paradise, likaua watu 13, mbali na wauaji wenyewe. Watatu walikuwa wageni kutoka Israeli. Kumi walikuwa Wakenya, na miongoni mwao walikuwamo wacheza ngoma waliokuja kuwalaki wageni. Walikufa wakiwa kazini. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba tukiuliza habari za kamera twawatetea wezi.

Siku hizi kamera hazihitaji waya mrefu wa kupeleka picha. Huunganishwa kama wavu wa mvuvi: kila nguzo hupokea picha kwa mawimbi ya redio, ikaipitisha kwa nguzo ya pili, hata ifike chumba cha walinzi. Nguzo moja ikizimika, picha hutafuta njia nyingine. Jambo hili lafaa katika viwanja virefu vya pwani, ijapokuwa minazi huzuia mawimbi, chumvi ya bahari hula vyuma, na kila nguzo yataka umeme vilevile.

Lakini hapo ndipo penye neno. Zamani kuongeza kamera kulitaka kuvuta waya na kuchimba mtaro, na kila mtu akaona. Sasa yatosha ngazi na muda mchache. Kamera iliyowekwa langoni jana, kesho yaweza kuwa jikoni, kwa dobi, hata chumba cha kubadilia nguo. Na picha iliyokusudiwa mwizi ikahesabu dakika za mtu aliyekwenda msalani.

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yamtaka anayekusanya habari za mtu amweleze kusudi lake, na yampa mtu haki ya kuziona. Mfanya kazi havui haki hizo anapovaa yunifomu.

Basi twasema wazi: mwajiri akae na wajumbe wetu kabla nguzo hazijasimama, mahali pa kila kamera paandikwe, picha zifutwe kwa muda uliopatanwa, wala mtu asifukuzwe kwa picha ambayo hakuonyeshwa. Wajumbe, hesabuni kamera zilizoko kazini kwenu, mlete hesabu hiyo mkutanoni. Haya yaingie katika mapatano yenye sahihi, maana neno la mdomo huchukuliwa na upepo.

Umoja ni nguvu.