Mwarobaini, Tumbaku na Timoli: Ushauri Unaowadhuru Nyuki wa Tabora

Mfugaji nyuki wa Sikonge au Urambo hakosi mshauri: pakaa mafuta ya mwarobaini, fukiza tumbaku, weka timoli. Eti dawa ya mmea haina madhara. Wanaoumia ni nyuki, kwa hiyo nayajibu madai yenyewe.

"Mwarobaini ni salama, ni wa asili." Mbegu zake zina azadiraktini, kemikali inayovuruga homoni za mdudu asiweze kujivua ngozi na kukua. Ndiyo maana hufaa kwa viwavi shambani. Lakini majana ya nyuki nayo hukua kwa kujivua ngozi, na sumu hiyo haichagui.

"Moshi wa tumbaku huua utitiri." Nikotini ni sumu ya wadudu, na nyuki ni mdudu. Wanaofukizwa sana hulewa na kudondoka. Inauma zaidi kusikia ushauri huu Tabora, ambako miombo hukatwa kwa kuni za kukaushia tumbaku. Mti wa mtundu unaoteketea kwenye bani la tumbaku ndio uliokuwa ukiwapa nyuki chakula.

"Varoa imeangamiza nyuki Ulaya, bila timoli, wetu watakwisha." Ni kweli utitiri huu uligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, na ni kweli timoli, inayopatikana kwenye mmea wa thaimu, ni dawa inayokubalika Ulaya. Lakini hufanya kazi kwa kugeuka mvuke, na inataka joto la wastani. Oktoba, Tabora, joto la mchana hupita nyuzi 30: mvuke hujaa kwa kasi, majana huathirika, na nyuki wetu, wepesi wa kuhama, huondoka zao. Tena nyuki hawa wameonyesha kwamba wanaweza kuishi na varoa bila dawa. Husafishana, hutoa majana yenye ugonjwa, na kila wanapogawanyika au kuhama, utitiri hukosa majana ya kuzaliana ndani yake.

"Mchaichai hutibu mzinga." Hautibu, huita. Harufu yake inakaribiana na ile ambayo nyuki huitoa wakiitana, hivyo kuupaka ndani ya mzinga mtupu ni chambo kizuri. Utumike kwa hilo.

"Basi nondo wa nta na siafu tuwafanyeje?" Hapa ndipo pa kukaa. Fungua mzinga uliovamiwa na nondo: utando mweupe umepenya masega meusi ya zamani, vinyesi vimetapakaa chini, na nyuki ni wachache mno kufunika masega yote. Udhaifu ulitangulia, nondo akafuata. Toa masega matupu ukayayeyushe upate nta, na unaporina waachie asali ya kutosha. Siafu wanazuiwa nje: tundika mzinga kwa waya, pakaa waya grisi, kata matawi yanayougusa.

"Wazee hawakutumia dawa kwa kutojua." Nta ya Unyamwezi ilikuwa ikisafirishwa nje ya nchi tangu enzi za Wajerumani, ikitoka kwenye mizinga iliyotundikwa juu mitini, mbali na nyegere. Walijua. Jambo moja tu la kwao tuliache: mzinga wa gome. Mti uliobanduliwa gome kuuzunguka hufa, na nyuki hupoteza maua yake. Fedha iliyotengwa kwa chupa ya mafuta ya mwarobaini inunue mbao za mzinga.